Alama za Mkaa Ukutani

Pilipili manga ikitwangwa, harufu yake haipigi hodi. Juzi nilikuwa nimelala chali chumbani kwangu hapa Bagamoyo, tumbo limeshonwa kama mdomo wa gunia la chumvi, nikasikia kinu kidogo kinagonga jikoni. Sijauliza kitu, harufu imeshafika kitandani. Nikaita.

"Mama Rehema! Unapika nini?"

"Uji."

"Uji wa pilipili manga ni wa mzazi."

"Ni wa mtu aliyechanwa tumbo. Wewe hukuchanwa tumbo?"

Tangu nimuoe mwanamke yule sijamshinda kwa maneno hata siku moja, na sikuona sababu ya kuanza kujaribu nikiwa na nyuzi. Madaktari wa Dar walikuwa wamenitoa kipande cha utumbo chenye saratani, wakaniambia nirudi nyumbani nikauguzwe na watu wangu. Watu wangu ndio hao: mke wangu, na binti yetu Rehema aliyefunga duka lake mjini akaja kumsaidia mama yake.

Rehema akaingia na bakuli. Nyuma yake mama yake, kabeba beseni la maji ya moto na taulo begani. Nikaelewa. Wamekuja kunikanda.

"Mimi sikandwi," nikasema. "Mimi mwanamume."

"Mgongo wako na miguu yako ni ya mwanamume pia," mke wangu akajibu, "lakini imelala siku zote hizi kama magogo. Geuka taratibu."

"Tokeni."

Mnielewe. Mimi sikusoma, niliishia darasa la tatu. Nilibeba magunia ya chumvi mpaka shingo ikaota sugu, nikauza chumvi kwa vibaba stendi ya Msata, juani, mpaka nikapata majaruba yangu mwenyewe ya kuanikia chumvi. Nyumba hii nimeijenga tofali kwa tofali, na hakuna aliyewahi kunishika mkono kunivusha mahali. Sisemi hivi kwa kujisifu. Au basi, tuseme ndiyo, kwa kujisifu. Mtu wa namna hiyo ukimletea beseni na taulo, umemvua nguo mbele za watu.

Wakatoka. Uji ukabaki juu ya stuli karibu na kichwa changu, unafuka. Na ule mvuke, mchele na tui la nazi na pilipili manga, ukanibeba mzimamzima mpaka Mlingotini, kwenye chumba cha udongo cha mama yangu. Humo chumbani niliona jambo ambalo mpaka leo sijaona kubwa kuliko hilo.

Nilikuwa mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yanang'oka. Leo najua kilichotokea: mama alikuwa na saratani, akapelekwa hospitali Dar, akakatwa titi la kushoto. Lakini siku zile mtoto haelezwi. Niliambiwa, "Mama yako kaenda hospitali," basi. Na kwetu wanawake walizalia nyumbani, mikononi mwa bibi yangu mzaa mama, ambaye alikuwa mkunga wa kijiji kizima. Aliyepelekwa hospitali ni yule ambaye mtoto kakataa kutoka. Kwa hiyo nilikaa barazani nikimwazia huyo mdogo wangu mkaidi, mpaka siku aliyorudi mama.

Alishuka kwenye lori kajitanda kanga mbili, shangazi Sikudhani, dada yake baba, kamshika kiuno. Hakuniangalia. Wakampitisha moja kwa moja chumba cha ndani, pazia likashushwa. Baba akabeba mkeka wake akahamia barazani, kama wanavyofanya wanaume mke akijifungua. Kisha akaenda pwani akarudi na pweza, akakaa kwenye kizingiti anampiga chini, anampiga, ili alainike kwa supu. Baba hakuwa mtu wa kusema. Jinsi alivyompiga yule pweza, ungedhani ndiye aliyemfanyia mkewe ubaya.

Jikoni chungu kikubwa cha majani ya kukandia kikabandikwa. Shangazi alikuwa na mashaka.

"Mama," akamwambia bibi, "hospitali wamesema apumzike, ale vizuri, kidonda kisilowe, na mkono anyooshe kila siku ukutani. Haya mambo ya uzazi hawakuyataja."

"Wamekuambia usiyafanye?"

"Hawakuniambia."

"Basi kidonda hatutakigusa, mkono tutaunyoosha, na mengine tutafanya tunavyojua. Mwanamke aliyemwaga damu mimi namwinua kwa njia moja tu, sina ya pili. Chochea moto."

Nilikuwa nimechutama pale pale, nakwangua nazi iliyobaki kwenye kifuu. Katika maneno yote hayo sikio langu lilichukua moja: uzazi. Likanitosha. Baadaye nikasikia mama mwenyewe anabisha kule ndani, sauti imekauka.

"Mama, mimi si mzazi. Msinikande."

"Wewe ni mzazi."

"Nimemzaa nani?"

"Umejizaa mwenyewe," bibi akasema. "Lala kifudifudi. La, samahani mwanangu, lala kwa ubavu wa kulia."

Mama yangu alikuwa na kiburi kuliko mimi. Siku ile alilia kwa hasira, si kwa maumivu. Lakini alilala kwa ubavu.

Nyumba yetu ikageuka nyumba ya mzazi. Asubuhi maji ya moto, mgongo ukandwe, miguu ikandwe. Kisha uji. Kisha udi na ubani, mpaka kuku wa nje walinukia. Majirani wakaja na mayai na samaki wabichi, wakaongea kwa sauti ya chini, wakaondoka bila kuonyeshwa kitu. Hilo nalo halikunishangaza, maana mtoto mchanga kwetu haonyeshwi ovyo kabla ya arobaini, jicho baya lisimpate. Kilichonishangaza ni kwamba halii. Nilikuwa naweka sikio kwenye ukuta, nasikia kamba za kitanda, nasikia mama anahema, mtoto kimya. Nikajiambia, huyu ni mtoto wa namna nyingine.

Ndipo nikaziona alama.

Bibi alikuwa na desturi ya kunipima kila Idi kwenye ukuta kando ya mlango wa mbele. Nasimama kisigino ukutani, anaweka kiganja juu ya kichwa changu, anapiga mstari kwa kipande cha mkaa. "Mume wangu," alikuwa ananiita hivyo, kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu, "ukinifika begani nakuacha, natafuta mwingine." Kwa hiyo alama ya mkaa kwangu ilikuwa na maana moja tu.

Siku moja nilitumwa kupeleka kata ya maji chumbani kwa mama. Nikaiona, ukutani kando ya kitanda, mstari mweusi mbichi, usawa wa kifua changu. Nikasimama nikautazama. Mtoto ana siku chache tangu azaliwe na ananifika kifuani! Nikaweka kata chini maji yakamwagika, bibi akanitimua.

Siku kadhaa zikapita, nikaingia tena. Mstari wa pili, juu ya ule wa kwanza. Ukanifika kidevuni. Halafu wa tatu, umenipita utosi.

Sijui kama nyie wa rika langu mnakumbuka ile hofu ya utotoni ambayo ndani yake mna furaha. Nilitoka nje nikakaa kwenye kinu kilicholala. Wenzangu walikuwa wanacheza, mmoja anajigamba kaka yake anafanya kazi Mbegani, kwenye mashua kubwa ya injini. Nikamtazama kwa huruma. Kaka yake si kitu. Ndani ya nyumba yetu mna mtoto anayekua kiganja kizima usiku mmoja, na halii. Sikumwambia mtu, kwa jicho baya lile lile.

Furaha iliisha asubuhi moja niliposimama nyuma ya pazia. Walikuwa wanamkanda. Mama kakaa kitini, kanga kiunoni, bibi anamminya mabega kwa taulo linalotoa mvuke, shangazi kamshikilia mkono wa kushoto kama mtu aliyeshika yai. Nikaona kifua cha mama. Upande wa kulia nilioujua. Upande wa kushoto hamna kitu. Pamekuwa tambarare, mstari mwekundu umekatiza kutoka kwapani kuja katikati, na alama za nyuzi huku na huku kama miguu ya jongoo.

Akili ya mtoto haisiti. Nikajua papo hapo kilichotokea. Mtoto kalinyonya titi mpaka kalimaliza. Ndiyo maana anakua vile. Na limebaki moja. Akilimaliza hilo, anaanza wapi? Nikamtazama mama alivyokonda, mifupa ya shingo imetokeza, nikaona kwamba hata jibu ninalo: anaanza na mama mwenyewe. Mama yangu alikuwa analiwa, na wanawake wale wawili wanamnywesha uji ili mtoto apate cha kula.

Hapo niliogopa hasa. Na kwa kuwa huwezi kumwambia mkubwa jambo kama hilo, nikafanya nilichoweza. Nikaanza kumlisha mimi. Nilifikiri mchana anakaa mvunguni, maana kitandani simwoni. Basi kila chakula nilibakiza: mhogo, mkia wa samaki, donge la wali. Naweka kwenye kifuu, najipenyeza mama akiwa amesinzia, nakisukuma mvunguni, natoka. Na nikirudi kesho, kifuu kitupu! Kimerambwa kikang'aa. Nikasema alhamdulillahi, anakula. Nikapunguza sehemu yangu, nikaongeza yake. Shangazi akaanza kulalamika kwamba mtoto wa kaka yake anakonda na chakula anamaliza, labda ana minyoo.

Mpaka siku moja nimelala kifudifudi sakafuni, mkono mzima uko mvunguni na kifuu, nikasikia sauti ya mama juu yangu.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Unatafuta nini huko, baba?"

"Sitafuti. Namlisha mtoto."

Kamba za kitanda zikalia. Akachungulia, nikaona uso wake kichwa chini miguu juu.

"Mtoto gani?"

"Huyo wako." Na hapo nikashindwa kujizuia, yakatoka yote. "Nampa mihogo, na samaki nampa, ili ashibe aliache hilo la pili. Asikumalize, mama."

Kitanda kikaanza kutikisika. Nikajua analia, nikajua nimeharibu, nikatamani niingie mvunguni nikakae na huyo mtoto. Lakini nilipoinuka nikakuta mama kajishika kifua kwa mkono wa kulia, machozi yanamtoka, mdomo wazi: anacheka.

"Mama!" akamwita bibi. "Mama, njoo! Njoo usikie, mtoto huyu ataniua! Mwambie aache, nyuzi zangu!"

Bibi akaja mbio na mwiko mkononi. Alipoelezwa alikaa chini pale pale mlangoni. Yule mwanamke aliyekuwa akipokea watoto wa watu bila kukunja uso alicheka mpaka kilemba kikadondoka. "Na anayekula ni nani?" akauliza. Kumbe jibu lilikuwa linajilamba masharubu juu ya dirisha, paka wa jirani, mnene kama mto wa kulalia.

Nilikasirika. Hakuna kitu kibaya kama kuchekwa ukiwa umejitolea chakula chako. Mama akaona. Akaacha kucheka, akamwambia bibi nyamaza, akaniita kwa kidole.

"Njoo hapa. Angalia vizuri, usichungulie kama mwizi."

Akashusha kanga. Nikaangalia. Kwa karibu hakuwa jongoo, ilikuwa ngozi ya mama yangu imekunjwa na kushonwa.

"Hapa palikuwa na ugonjwa," akasema. "Ndio uliokuwa unanila. Wamelikata, ugonjwa ukatoka nalo. Mtoto hayupo. Aliyelinyonya hili ni wewe, na wewe hukulimaliza, ulilia kuachishwa."

"Na alama?"

"Alama zipi?"

"Hizo. Zinanipita."

Akageuka kutazama ukuta. Hakucheka tena. Akamwambia bibi amsaidie kusimama. Akausogelea ukuta akasimama akiuelekea, akaweka vidole vya mkono wa kushoto juu ya udongo, usawa wa paja, na vile vidole vikaanza kupanda. Vilipanda kama kaa anavyopanda mwamba, kimoja, kingine, vinasimama, vinapanda tena. Nikaona jasho linamtoka juu ya mdomo. Nikaona mshipa wa shingo umesimama. Vikafika mstari wa kwanza, vikaupita. Wa pili, vikaupita. Wa tatu vikasimama, mkono mzima unatetemeka, nikajua vitaanguka. Bibi hakumgusa. Alisimama nyuma yake mikono wazi, kama anavyosubiri kichwa cha mtoto. Na vidole vikapanda tena, kidogo, upana wa ukucha.

"Mkaa," mama akasema huku ameuma meno.

Bibi akanitia kipande cha mkaa mkononi. Akaninyanyua akanisimamisha juu ya kitanda. "Mpigie mama yako alama, mume wangu. Haraka, anaumia."

Nikapiga. Kwa ile haraka mstari ukaenda upogo.

Kisha, mama alipolala amechoka, nikamuuliza anataka kufika wapi. Akaonyesha kwa kidevu. Juu kabisa kulikuwa na mtambaapanya, ile boriti inayokatiza chumba, na juu yake ungo wake wa kupepetea mchele, alioutundika mwenyewe kabla ya kwenda Dar.

"Shangazi anaweza kuutungua," nikasema. "Hata baba."

"Na wewe ukikua utaweza. Lakini ungo ni wangu."

Kuanzia hapo nilikuwa na kazi. Sikulisha tena paka. Nilikuwa nasubiri kukandwa kuishe, uji unywewe, vidole vipande, nipige alama. Kuna siku vilipanda, kuna siku vilishuka chini ya alama ya jana, na siku hizo mama aliugeukia ukuta akalala, hataki mtu. Bibi alisema, "Mpigie hata hiyo ya chini. Nayo ni yake." Nikaipiga.

Arobaini yake ikafika, maana bibi aliihesabu kama ya mzazi yeyote. Wanawake wakajaa chumbani. Mama kavishwa kanga mpya, kapakwa wanja, kafukizwa. Wote walijua anachotaka kufanya, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshatangaza kijiji kizima. Akauelekea ukuta. Akaweka vidole. Sikumbuki chumba kilichojaa wanawake wa Mlingotini kikawa kimya vile, si kabla wala baada. Vidole vikapita alama zangu zote, zile zilizonyooka na zile za upogo, vikafika pale ukuta unapoishia, vikabaki hewani, vinatafuta. Akapanda kwa ncha za vidole vya miguu. Akaigusa boriti. Akaukamata ungo kwa ukingo, akaushusha, na vumbi lote lililolala juu yake likatumwagikia vichwani.

Vigelegele vilivyopigwa hapo, baba alivisikia pwani. Alikuja mbio akasimama mlangoni, mikono imejaa magamba ya samaki, akamwona mkewe na ungo. Akaondoka, akaenda nyuma ya nyumba. Mama akatoka nje, akakaa kwenye mkeka, akapepeta mchele wa karamu yake mwenyewe.

Nimefanya mengi duniani. Nimeona jaruba langu la kwanza linameta jua la saa sita mpaka macho yakatoa machozi, nikadhani hakuna kitakachonishika kifua zaidi ya hapo. Si kweli. Ni ule mkono. Mama aliishi mpaka akanipigia vigelegele harusini, na mkono aliouinua kuziba mdomo ulikuwa wa kushoto. Nyumba ya udongo ililiwa na mvua baadaye, na alama zikaenda nayo.

Haya yote yalipita kichwani uji ukiwa juu ya stuli. Nilipogeuka kuutazama ulikuwa umepoa, umefanya ngozi.

"Mama Rehema!"

"Labeka."

"Uji umepoa."

"Uliufukuza."

"Upashe. Na hilo beseni, kama maji bado yapo."

Nikasikia kiberiti. Wakanikanda. Sitaki kueleza. Nitasema tu kwamba maji yalikuwa ya moto sana, na kwamba mgongo wangu ulikuwa na maumivu ambayo sikujua ninayo mpaka yalipoondoka. Walipomaliza nikamwambia Rehema aniletee kipande cha mkaa.

"Mkaa? Tunapikia gesi, baba."

"Jirani hana mkaa?"

Akaenda akauleta, ameushika kwa kitambaa. Nikashuka kitandani, mama yake kanishika kwapa. Tangu nirudi kutoka hospitali nasimama nimepinda kama ndoano, mshono unanivuta chini, na daktari alisema ninyooke kidogo kidogo kila siku. Nikaegemeza visigino ukutani.

"Nipime," nikamwambia Rehema.

"Baba, ukuta umepakwa rangi juzi juzi tu!"

"Ukuta wa nani?"

"Wako."

"Basi piga."

Akaweka kiganja utosini, akapiga mstari. Nikageuka kuutazama. Urefu wangu naujua. Nikiingia mlango huu huwa nainama. Ule mstari ulikuwa chini, kidogo tu juu ya swichi ya taa, mweusi kwenye ukuta mweupe wa nyumba niliyojenga mwenyewe. Nikautazama sana.

Mke wangu naye akautazama. Akanirudisha kitandani, akaniwekea bakuli mkononi.

"Kunywa uji," akasema, "ukue."

Nikanywa wote.